Jiwe la Kusagia Ulezi

Mjukuu wangu Neema,

Huku kijijini Mpemba sote wazima, na mama yako amerudi salama kutoka kwa shangazi zako wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mimi tu ndiye nisiyetulia. Tangu anisomee ujumbe wako, nakaa, nainuka, naenda jikoni kulitazama jiwe uliloliulizia, narudi.

Umeuliza lilitoka wapi. Nami niliuliza hivyohivyo nilipokaribia kuolewa. Bibi yangu alimwaga ulezi juu ya jiwe, akasema, "Saga." Nikasaga, naye akaanza kunisimulia habari za mama yake, aliyelibeba kichwani kutoka milima ya Ileje akiwa mjamzito. Nilipopumzisha mikono ili nisikie vizuri, akanyamaza.

"Bibi, endelea."

"Saga kwanza, mama."

Hadithi ile iliniingia kupitia mikono.

Juzi kaka yako alinishikia simu anirekodi. Nikafungua mdomo, maneno yakagoma. Nikamwambia animwagie ulezi. Nilisaga, maneno yakaja, lakini kabla mwanamke yule wa hadithi hajavuka mto uliokuwa njiani, bega langu likakataa. Nimelipaka dawa, nimejaribu tena, limekataa.

Kwa hiyo usiniombe picha ya jiwe, Neema. Ulezi nimeshauanika. Njoo usage wewe, mimi nitasema. Fanya haraka, mama. Yule mwanamke bado amesimama ukingoni mwa mto, jiwe likiwa kichwani.

Bibi yako anayekungoja