Mama, Sikucheka Kwenye Mazishi Yako

Mama,

Barua ya heshima huanza kwa kusema mimi ni mzima na kumwombea anayeandikiwa naye awe mzima. Nimekaa na huo mstari asubuhi nzima nikashindwa. Wewe umelala hapo chini ya tangi la maji, hatua chache kutoka jikoni kwako, na mimi nina mashavu yamevimba kama mtu aliyeficha mandazi mdomoni. Nimetoka kufanyiwa upasuaji. Nilijaribu kuondoa kile kitu.

Unakijua kile kitu. Lakini acha niandike yote kana kwamba hujui, maana nikiruka mahali nitaanza kujitetea, na wewe ulikuwa hupendi mtu anayejitetea. Nianze na lililonipeleka kwa daktari. Tangu tukuzike, Baba alikuwa hajaniangalia usoni. Ananisalimia, ananiuliza kama nimekula, ananiombea safari njema nikirudi Nakuru, lakini macho yake yako kwa kuku, yako kwa mlango, yako kwa barabara. Nimeishi na hilo mpaka nikahisi nimezikwa na mimi.

Ulituzaa watatu, Mama. Wambui na Kamau ukawagawia mashavu yako, vile vibonyo viwili vinavyoingia mtu akicheka, mimi ukaninyima. Nakumbuka kibanda chako hapa Kikopey, ukikatakata kachumbari huku wanaume wanachoma nyama nje, na madereva wa malori wanaagiza robo nyingine ili tu wakuone ukicheka. Baba alipenda kusema kwamba alikula mbavu za mbuzi mpaka meno yakamuuma ndipo akapata ujasiri wa kukuuliza jina. Hao wateja walikuwa wakimfinya Wambui mashavu wakisema huyu hata hatuulizi ni wa nani. Kisha wananigeukia. "Na huyu mdogo ni wa jirani?" Ulikuwa unajibu kwamba ni wako. Mimi nilikuwa nakutazama nione kama umechelewa kujibu.

Hukuwahi kuchelewa. Lakini mtoto akishaambiwa ni wa jirani, hata kwa utani, huo utani hukua naye. Nilipoanza kazi ya ushonaji kwenye lile duka la gauni za harusi Nakuru nilikuwa mtu mzima mwenye kodi ya nyumba na bado nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha maharusi, nabonyeza mashavu kwa vidole vya shahada, naona vile ningefanana na wewe.

Kliniki ilikuwa ghorofani, mjini. Daktari alikuwa kijana wa viatu vyeupe, mchangamfu, anasema na mtu huku anaangalia simu. Alinichora alama mbili kwa kalamu, akanidunga ganzi, kisha akashona kutoka ndani ya mdomo, akaifunga nyama ya ndani na ngozi ya nje, kama vile mafundi wa viti wanavyofunga kifungo katikati ya mto wa sofa. Akaniambia mwanzoni vibonyo vitaonekana hata nikiwa nimetulia. Nyuzi zikiyeyuka vitabaki vya kucheka tu. Basi nyuzi ziliyeyuka. Vibonyo vilibaki pale pale, nikicheka, nikilala, nikipiga mswaki, nikikasirika na mwenye nyumba.

Nilikuja nyumbani kukuonyesha. Nilikuwa na furaha, Mama, hilo usilisahau. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, ndiyo maana mimi ni Nyambura kama cucu, na ndiyo maana hukuniita Nyambura hata siku moja. Uliniita Maitu, mama yangu. Ukinichapa, jioni ulikuja kuomba msamaha, ukisema si vizuri mtu kumchapa mama yake. Siku hiyo ulinishika kidevu ukanigeuza kwenye mwanga wa mlango, ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia.

"Maitu, mama yangu hakuwa na hizi vitu," ukasema. "Sasa umempeleka wapi?"

Nilidhani unanitania. Nikakuambia nimekuja kufanana na wewe, wacha wivu. Ukacheka, vibonyo vyako vikaja, kisha ukanyamaza na vikaenda zao. Hapo ndipo nilipoona kosa langu kwa mara ya kwanza. Vyako vilikuwa na adabu ya kuondoka. Ulienda kuinjika chai, na mpaka leo najiuliza ulikuwa ukifikiria nini ukiwa umenipa mgongo. Cucu, yule mwanamke mwenye uso bapa aliyekulea, alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, usoni mwangu, na mimi nilikuwa nimelipia apatiwe mashimo.

Kisha presha ikakuchukua, haraka, hata kanga ulizofua zilikuwa bado kwenye kamba.

Sijui marehemu huona nini siku ya kuzikwa. Kama uliona, ruka sehemu hii. Baada ya wanaume kujaza udongo, yule mwendesha programu alichukua kipaza sauti akaanza kuita watu waweke mashada, kama ilivyo desturi. Watoto wa marehemu. Wajukuu. Majirani. Kikundi cha kina mama. Kila kundi likiweka shada linasimama kidogo, mpiga picha anasema tuangalie huku. Mimi nilikuwa nimelia tangu mochari. Sauti ilikuwa imekwisha, nguo ilikuwa imelowa kifuani, Wambui alikuwa amenishika mkono nisianguke juu ya udongo wako. Tukasimama watatu. Tuangalie huku.

Picha zilipoingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, Wambui alikuwa analia, Kamau alikuwa analia, na mimi katikati nilikuwa natabasamu. Si sana. Kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri. Machozi yangu hayaonekani kwenye picha, Mama, vibonyo vinaonekana. Tata Wairimu, shangazi yetu, hakungoja hata wiki iishe. Aliuliza pale pale kwenye kundi, watu wote wanasoma, "Nyambura anachekea nini?" Mke wa mjomba aliandika tuzidi kuombeana.

Tangu hapo uso huu umenifanyia vituko ambavyo ungecheka hadi ukae chini, kama visingekuwa vyangu. Pasta alinisimamisha kanisani akawaambia watu mwangalieni huyu dada, amefiwa na mama na bado furaha ya Bwana iko usoni mwake, na watu wakapiga makofi. Nikasimama pale nimepigiwa makofi kwa kufiwa. Dukani alikuja msichana kurudisha gauni ambalo hakulivaa, yule mwanamume alikuwa amebadilisha nia wiki ya harusi. Nilimwonea uchungu kweli. Aliniangalia, akaliacha gauni sakafuni. "Unanicheka, si ndiyo?" Nikaanza kuvaa barakoa, ile tuliyoizoea wakati wa korona. Watu wakaniuliza kama naumwa kifua.

Hayo yote ningeyabeba. La Baba ndilo lililonishinda. Nilikuwa nakuja kila nikipata siku ya kupumzika, napika, nafagia, na yeye anachukua sahani yake anaenda kukaa nje. Siku moja nilimfuata. Nikamwambia Baba, hiki si kicheko, ni kisu, daktari alikosea kushona. Akasema, "Najua." Akaenda kuwapa kuku maji. Nilibaki nimesimama na hilo neno. Kama anajua, mbona haangalii? Nikaamua anajua kwa masikio tu, lakini macho yake bado yananiona nikikuchekea kaburini.

Nikaanza kutafuta wa kunirekebisha. Nilirudi kwenye ile kliniki nikakuta pale panauzwa makava ya simu, na hakuna anayejua daktari alienda wapi. Niliulizia hapa na pale mpaka nikaelekezwa kwa daktari mwingine, mama mtu mzima ambaye kazi yake hasa ni kuwashona watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka. Nilikaa kwenye benchi moja na mama zao. Fikiria, Mama. Wao wamebeba watoto wasioweza kunyonya, mimi nimebeba mashavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari hakunicheka wala hakunihurumia. Alitia kidole ndani ya mdomo wangu akapapasa. Aliniambia uzi haupo tena, kilichoshika ni kovu, nyama imeng'ang'ania ngozi. Atalikata na kuweka katikati mafuta kidogo kutoka mwilini mwangu, visishikane tena. Akasema kushona ni kazi ndogo, kufumua ndiko kugumu, na hilo sikuhitaji kuelezwa. Mimi hufumua gauni kila siku, najua kitambaa hubaki na matundu hata ukikipiga pasi vipi. Upande wa kulia alikuwa na matumaini nao. Wa kushoto kovu limekaa karibu na mshipa unaosogeza mdomo, na akiona hatari ataacha. Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote.

Basi Mama, wa kulia ulikubali. Wa kushoto daktari alianza, akaona hatari, akaacha. Niliamka mdomo umekufa ganzi, nikaomba kioo, muuguzi akasita. Hata kwa huo uvimbe niliona. Kibonyo cha kulia hakipo. Cha kushoto kinanitazama. Nimekuwa mtu wa nusu, upande mmoja umefiwa na mwingine uko harusini, na nikalia, na hata katika kulia huko najua nilikuwa nachekesha.

Nilikuja kupona hapa nyumbani kwa sababu sikuwa na mwingine wa kunikorogea uji. Baba ndiye anaukoroga, mwepesi mno, wewe ungeukataa. Jana alikuja nao nikiwa nimekaa kwenye veranda. Akavuta kiti chake akakaa upande wangu wa kulia, uso kwenye barabara kama kawaida yake. Kisha akageuka kuchukua kikombe, na macho yake yakapita kwenye shavu langu, yakasimama.

Aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akabeba kiti, akazunguka nyuma yangu, akakiweka upande wa kushoto. Akakaa. Akaniangalia, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, Baba akaniangalia, na macho yake yakajaa maji na hakuyapangusa.

"Huku bado yuko," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza ni nani. Akaniambia kwamba nilipokuwa nikisimama jikoni kwako nikipika, mwanga wa dirisha ukinipiga shavuni, alikuwa anasahau. Anasahau kabisa kwamba ulikufa, anataka kukuita. Kisha anakumbuka, na kukumbuka kunamuuma kama siku ile ile. Ndiyo maana alikuwa anachukua sahani anaenda nje. Lakini siku hizi, akasema, alikuwa ameanza kuzoea, alikuwa ameanza kungoja siku zangu za kuja.

Nikamwambia nilidhani ni kwa sababu ya mazishi. Kwa sababu ya zile picha.

"Picha gani?" akauliza. "Mimi nilikuona ukilia. Si nilikuwa nimesimama hapo karibu na wewe?"

Sasa unaona nilipofika. Nilijikata ili aweze kuniangalia, na aliyekuwa anamwona usoni mwangu ndiye niliyemkata. Wewe ulitaka mama yako, nikawa nimemwondoa. Baba anakutaka wewe, nikawa nimekuondoa, nusu. Na mimi Nyambura sijui ni kipande gani cha uso huu kilichowahi kuwa changu. Nimepewa miadi ya kurudi, daktari ajaribu tena ule wa kushoto uvimbe ukiisha. Anasema unaweza kufunguka, na unaweza pia kuuacha mdomo ukilegea, ahadi hawezi kutoa. Wambui anasema niende, nisizeeke nikionekana nacheka msibani. Kamau anasema niache Mungu afanye. Baba sikumuuliza. Ningemuulizaje? Nikienda namzika mke wake mara ya pili. Nisipoenda, siku nitakayomzika yeye mwenyewe nitasimama pale tena, tuangalie huku, na nusu ya uso wangu itakuwa inafurahi.

Sina jibu, Mama. Nimekuandikia nikidhani nikifika hapa mwisho nitakuwa nalo.

Lala, basi. Uwasalimie waliotangulia, na cucu umwambie mjukuu wake anamtaja. Siwezi kukuahidi kuhusu shavu, wala kuhusu daktari, wala kwamba nitaacha kukosea. Nakuahidi kitu kidogo tu, kilicho ndani ya uwezo wangu. Siku zote nitakazokuwa hapa, jioni nitatoka nikae kwenye veranda bila barakoa, na kiti cha Baba nitakiacha pale alipokihamishia.

Ni mimi binti yako,
Nyambura