Mboga Haipandi Ngazi

Mama,

Umepewa kibanda. Usicheke. Kaunti wanajenga soko jipya hapa Kawangware, wamehesabu wote wanaouza kwenye laini yetu, na wewe umo. Tulikuzika Bungoma kabla ya mvua, nikatupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe, lakini kwa watu wa kaunti wewe bado ni mama mboga wa Congo, huu mtaa wetu wa Kawangware, mwenye meza ya tatu kutoka kwa mfereji wa maji.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hukupenda habari za vipande vipande. "Nekesa, anza mwanzo, mimi si kuku wa kudonoadonoa." Haya, naanza mwanzo.

Niko hapa mezani ninapokuandikia. Ni saa nane, jua ni kali, hakuna mteja. Unajua saa nane ilivyo. Mama Achieng amesinzia nyuma ya visamaki vyake vya omena, mdomo wazi, leso kichwani. Mimi nimekalia kreti ya soda. Stuli yako iko hapa kando yangu, na kile kifuniko cha chupa ulichowekea mguu wake mfupi bado kiko pale pale chini. Sijaikalia tangu turudi kutoka mazishini. Hiyo ndiyo shida yenyewe, na ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mabadiliko ni machache. Wameweka taa moja ndefu pale kona, ile ya mulika mwizi, kwa hivyo jioni tunaonana mpaka meno. Magoti ya Mama Achieng yamezidi, sasa akiinuka lazima amwite Yesu mara mbili. Na yule mtu wa bodaboda wa jaketi nyekundu bado hupunguza mwendo akipita hapa na kupaza sauti, "Mathe, nikatie ile ya kawaida!" Halafu ananiona mimi, anakumbuka, anaangalia chini. Mimi namkatia tu. Majani makubwa makubwa, kama ulivyokuwa ukimkatia wewe.

Hayo ya kukata nimeyashika yote, Mama. Wale dada wanaofanya kazi za nyumba kule Lavington wanataka sukuma nyembamba kama nyuzi, kwa sababu tajiri wao hataki kutafuna. Fundi wa mawe anataka vipande vinavyoonekana, ajue anakula. Mwalimu anataka managu yachanganywe na terere nusu kwa nusu, na usimpe shina hata moja. Nilikuwa nafikiri ulikuwa ukiwajulia hali tu, kumbe ulikuwa ukiwasoma. Na jioni naita kama wewe, "Managu ya leo! Ya jana tulikula sisi!" Watu bado wanacheka. Siku ya kwanza niliyoita hivyo, sauti ilinikatikia katikati na Mama Achieng akanimalizia.

Sasa kuhusu huo mpango. Unaitwa mpango wa kukuza uchumi wa mtaa, na umebandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa, picha kubwa ya rangi yenye watu wanaotabasamu wasiofanana na mtu yeyote wa hapa. Siwasengenyi, Mama. Mengi ni mazuri. Kutakuwa na paa, maji, taa, mahali pa kufungia mboga usiku. Kutakuwa na choo! Nilipoliona neno choo pale ukutani, nilikumbuka vile ulivyokuwa ukikataa chai mchana kutwa, jua likiwaka, hata ukiletewa na mandazi, eti "chai ni ya saa kumi na mbili, nikiwa karibu na kwangu." Nilisimama mbele ya ile picha nikalia kwa sababu ya choo. Watu wakadhani nimefurahia maendeleo.

Na hakutakuwa na kukimbizana na kanjo, wale askari wa jiji. Unakumbuka ile asubuhi walipokuja Kibera, nikiwa mdogo? Ulishika pembe nne za gunia, ukalitia begani na mboga zote ndani, ukaruka mtaro kama msichana. Mimi ukaniacha nimekaa chini na uji wangu. Uliporudi kunichukua nilikuwa nimenuna mpaka mashavu yanauma, na wewe ukasema, "Mboga zingechukuliwa. Wewe nani angekuchukua?" Ulicheka njia nzima mpaka nyumbani. Leo ningetoa chochote nichekwe hivyo tena.

Lakini kwenye huo mpango mboga zimepangiwa ghorofa ya juu. Chini ni simu, dawa, nguo na saluni. Juu ni sisi, kwa sababu, wanasema, huko kuna hewa safi.

Najua sasa unafanya ule mdomo wako. Nakusikia kabisa. Lile soko la kule ng'ambo ya mji, ulipokwenda kumwona rafiki yako aliyepewa nafasi juu, ulirudi ukavua viatu, ukakaa kwenye stuli, ukasema neno moja tu, "Mboga haipandi ngazi." Mtu ametoka kazini amechoka, mtoto mgongoni, paketi ya unga mkononi, atanunua anachokutana nacho njiani. Akishaona ngazi, anakumbuka kuna kabichi nyumbani. Hukuwahi kusema hivyo kwenye kikao chochote, ulisema hapa tu, kwa sisi tuliokuzunguka.

Sasa ndio nifike kwenye lile la kibanda chako.

Wewe na Mama Achieng mlitoka na ile desturi Kisumu Ndogo, kule Kibera. Nyumba zetu zilipobomolewa barabara ipite, mlikuja huku na magunia, sufuria, mimi, na desturi yenu. Mwenzenu asipokuja, awe mgonjwa au ameenda kuzika nyumbani, mnampangia meza yake na mnamuuzia, lakini hakuna anayekalia kiti chake. Na mwenye kiti akifa, meza inabaki yake mpaka mtu wake aje akae kwenye kile kiti mbele ya laini yote. Siku hiyo kila mama analeta fungu la kitu anachouza, mwenye meza mpya anakatakata na kuchanganya, na kila mmoja anabeba kidogo akapike kwake. Nakumbuka uliwahi kutuletea huo mchanganyiko tukiwa bado Kibera. Kulikuwa na sukuma, kitunguu, omena, na hata ndizi mbivu, kwa sababu laini ilikuwa na mama wa ndizi. Uliupika hivyo hivyo. Nililalamika, ukasema, "Kula. Hii si mboga, hii ni watu."

Tuliporudi kutoka Bungoma waliniambia nikae. Nikasema wiki ijayo. Mama, hiyo wiki ijayo haijafika mpaka leo. Nilivuta kreti, nikaanza kuuza. Hakuna aliyenisukuma. Asubuhi Mama Achieng anafuta stuli yako vumbi, anairudisha mahali pake, ananiangalia, anakwenda zake.

Kwa hivyo yule bwana wa kaunti alipokuja kuhesabu, mimi nikiwa nimeenda kuchota maji, alimuuliza Mama Achieng hii meza ni ya nani. Akamjibu, "Ya Mama Nekesa." Yule bwana akauliza ako wapi. "Hayuko kwa sasa." Bwana akaandika, akasonga mbele. Nilimuuliza Mama Achieng baadaye ilikuwaje akasema hivyo, akanishangaa. "Kwani nimedanganya? Umekalia hicho kiti?" Kwa desturi yenu alisema kweli tupu.

Jumatatu tuliitwa kwenye ukumbi tuhakikishiwe majina. Afisa alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, miwani, sauti nzuri. Alisoma mmoja mmoja, watu wakiitika. Halafu akasoma, "Mama Nekesa." Akarudia, "Mama Nekesa ako?" Laini yote ikanigeukia, shingo zote pamoja. Nikasimama.

"Mimi ni Nekesa," nikasema. "Mama hayuko."

Akasema basi mama aje mwenyewe, isizidi Ijumaa, na kitambulisho. Nilifungua mdomo nimwambie na neno halikutoka. Nimelisema kwa daktari, kwa chifu, kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba. Hapo, mbele ya watu wako wote, lilikataa. Nilibaki nimesimama kama mtoto aliyesahau shairi, mpaka Mama Achieng aliposema kutoka nyuma, bila kuinuka, "Amelala Bungoma, madam."

Yule dada alivua miwani. "Pole sana," akasema, na alimaanisha. Lakini kazi ni kazi. Akaeleza kwamba meza isiyo na mwenyewe kufikia Ijumaa itapewa mtu mwingine, maana wanaongoja ni wengi. Na kikao kijacho, kile cha kuamua nani akae chini na nani apande juu, watakaoruhusiwa kusema ni wenye meza peke yao. Akaniuliza kwa upole, "Sasa hiyo meza ni ya nani?"

Mama, swali rahisi hivyo. Nikasema nitarudi.

Tulitembea kurudi. Tulipofika hapa Mama Achieng alikaa, akanyoosha magoti, ndipo akaanza. Alinigombeza kwa Kiswahili, akaongeza Kijaluo, na nilielewa vyote. "Unafikiri sisi hatumlilii? Sasa utaacha meza yake ipewe mtu hajui hata kuchambua mboga ya saga? Mamako alikimbia na hii biashara kwa mgongo!" Kisha akanipa ndizi nile, kwa sababu nilikuwa nalia na yeye hawezi kuona mtu akilia bila kitu mdomoni.

Ukweli wangu nautaka uusikie wewe. Sikukataa stuli kwa uvivu, wala kwa aibu ya kuuza mboga. Ni kwamba kila asubuhi nikifika na kuikuta tupu, kuna dakika moja ndogo inayonidanganya kwamba umeenda tu kwa mfereji. Naipenda hiyo dakika. Nimeamka mapema kwa ajili yake, hata siku za mvua. Nikikaa hapo, hakuna tena wa kungoja kutoka kwa mfereji.

Lakini nimefikiria siku hizi tatu, na kitu kimoja kinanisumbua kuliko huzuni. Nikiacha meza hii iende, yale maneno yako ya ngazi yataishia hapa kwenye hili gunia la mezani. Watajenga, sisi tutapanda, na jioni wateja watapita chini wakiangalia simu. Mama Achieng na yale magoti atapandaje? Anajua wateja wake wataisha, lakini akisimama kwenye kikao anaogopa Kiswahili chake kuchekwa, na wale wengine wanasubiri mtu aanze. Wewe hukusema kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Mimi nimeulizwa.

Basi leo asubuhi nilimwambia Mama Achieng, "Saa kumi, kabla ya wateja." Alivuta karai lake karibu akaanza kuchagua omena kubwa kubwa, moja moja, akiziweka kando.

Kwa hivyo kuagana kwetu ni huku, Mama, si kule Bungoma. Kule nilikuwa nimeshikwa mikono na shangazi, nyimbo zilikuwa nyingi, sikukuaga vizuri. Huku ninakuaga nikiwa na akili yangu. Asante kwa uji. Asante kwa kurudi kunichukua. Asante kwa kuniacha nifanye kazi ya shule chini ya meza hii, na kwa kunirushia karoti bila kuangalia chini, kama mtu anayelisha sungura.

Ijumaa nitaenda na kitambulisho changu, waandike jina langu. Na kwenye kile kikao nitasimama na maneno yatatoka, nakuahidi, hata kama nitayatoa nikilia. Nitawaambia tunataka maji, tunataka paa, tunataka choo sana, na tunataka kukaa chini, kando ya njia, mahali mtu aliyechoka anapita. Nitawaambia mboga haipandi ngazi. Sijui kama watakubali. Watasikia, hilo najua.

Saa kumi imefika: Mama Achieng ameamka, amemwita Yesu mara mbili, amesimama. Naona mama wa nyanya anakuja na fungu lake, na wa viazi nyuma yake, na yule mgeni wa maparachichi ambaye hata hukumjua, naye amebeba mawili. Kisu nimekinoa. Kreti nimeisukuma kando kwa mguu, naandika haya ya mwisho nimesimama, karatasi iko juu ya kabichi.

Lala salama, mama yangu. Nitaiweka laini yako pamoja.

Sasa nipishe kidogo, nikae.

Nekesa