Sahani Isiyo na Mwenyewe

Thornbeck, Yorkshire
Jumatano asubuhi, Desemba

Dada yangu mpenzi Hilary,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Keith na wajukuu wote. Natumaini hamjambo, na kwamba goti lako limetulia sasa maadamu huko New Zealand ni kiangazi. Mimi mwilini sijambo. Moyoni ndiko kubaya. Tangu Jumapili usingizi sina, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko huu.

Kundi letu la matembezi unalijua, maana nakuchosha nalo kila nikuandikiapo. Tuko wazee kumi na mmoja, na kiongozi wetu ni Malcolm, mwalimu mstaafu, ambaye hadi leo anatupigia filimbi kama vile tuko darasa la nne. Yeye hutangulia na ramani, mimi hutembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu. Mbele yangu kidogo, mwaka wa sita huu, huwa Clifford, yule mgane fundi saa, na nyonga yake mbovu na maneno yake yasiyokwisha.

Jumapili tulipanda kilima cha nyuma ya kijiji, tushukie upande wa pili kwenye baa ya bondeni tupate chakula cha mchana. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, matope yote yameganda. Beryl, mchokozi wetu, akamwambia Clifford, "Babu, kaza mwendo, pai yako itakuja kuliwa na mbwa." Clifford akamjibu amseme tu mpaka achoke, kwani siku za kumsema zimebaki chache: mwezi wa pili anauza nyumba, anahamia Cornwall kwa binti yake. Watu wakashangilia, wakampiga mabegani. Alitangaza vile mbele ya kadamnasi, Hilary, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Kila Jumanne anakula kwangu, na hakuwa ameniambia! Nilimpa hongera, nikarudi nafasi yangu ya nyuma.

Saa saba tulifika. Malcolm akaniuliza mlangoni kama tumetimia wote, nikamwinulia dole gumba. Tukavua viatu, tukasogelea moto, bia zikamiminwa, kelele kama kawaida. Chakula huwa tunakiagiza tangu Alhamisi, kila jina na sahani yake, ili mwenye baa asihangaike. Basi akawa anatoka jikoni akiita: samaki wa Beryl, nyama ya kuoka ya Malcolm, pai ya Clifford. Hakuna aliyenyosha mkono. Akaita tena. Beryl akacheka, akasema babu atakuwa msalani. Mtu mmoja akaenda kutazama, akarudi peke yake. Pai ikawekwa mbele ya kiti kitupu, inafuka moshi, nasi tumeikodolea macho. Mungu wangu!

Malcolm akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama niliona begi njiani. Hii ndiyo desturi yetu: mtu akibanwa na haja, huacha begi lake la mgongoni kando ya njia kabla ya kuingia nyuma ya ukuta, na anayetembea nyuma akiliona husimama hapo hadi mwenyewe arudi, bila kuita wala kuchungulia. Nikasema sikuona begi. Nikasema pia, haraka haraka, kwamba tuanzie kwenye ule ukuta wa mawe karibu na zizi la kondoo, roho yangu inaniambia hivyo. Roho yangu!

Theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Beryl alibaki akiwapigia simu waokoaji. Mimi, Malcolm na mwenye baa tukapanda mbio. Tulimkuta mtaroni, chini kidogo ya ukuta ule, begi lake mgongoni, mguu umepinda upande usio wake, midomo imekuwa samawati. Alikuwa amelala pale karibu saa mbili, na simu yake haishiki mtandao kule. Nilimfunika koti langu, nikamkumbatia, nikamwita, asijibu. Nilijua amekufa. Waokoaji walimteremsha kwa machela, na daktari alituambia kwamba nusu saa zaidi tungekuwa na maziko.

Sasa kijiji kizima kinaniita shujaa. Beryl kaniletea keki. Mwenye baa anasema nina macho ya moyoni.

Dada, wewe ndiye uliyenilea mama akiwa kazini, na uongo wangu wote unaujua. Begi nililiona. Lilikuwa kando ya njia, limeegemea ukuta. Nilisimama nikalitazama. Nikajisemea, si unahamia Cornwall? Haya, leo ujizoeze kutembea peke yako. Nikaenda zangu. Nilitaka auonje upweke dakika tano tu, nilijua atatufikia. Hasira hasara, na hasara yenyewe nusura iwe roho ya mtu. Na nilipoinua lile dole pale mlangoni sikugeuka hata kutazama nyuma.

Jana nilikwenda hospitali na zabibu mkononi ili nimwambie. Kabla sijafungua mdomo, akasema aliniona. Ukuta ule una tundu la kupitishia kondoo, na kwa tundu hilo aliniona nimesimama penye begi, akatulia, akajua namsubiri. Alipotazama tena, sipo. Alilinyakua begi, akakata shambani kunikimbilia, ndipo akateleza. Habari ya Cornwall, akasema, alikusudia kuniambia Jumanne mezani, ila Beryl alimchokoza ulimi ukamponyoka. Alitaka anifikie aniombe radhi kabla ya baa.

Hapo Malcolm akaingia, akauliza moja kwa moja begi alikuwa ameliacha wapi. Clifford akamjibu kwamba hakuliacha popote, alisahau, aliingia nalo. Lo, alivyofokewa! Mzee mzima, sheria moja ndogo tu, unatutia watu wote roho mkononi! Mgonjwa wa watu, mguu umening'inizwa, anatazama dari na kusema, "Nisamehe, mwalimu." Nami nimesimama pale na zabibu zangu, Hilary, nisiseme neno. Hata moja.

Ndiyo maana leo nimeandika barua mbili. Ya pili ni fupi, haina salamu, na ni ya Malcolm, aisome Jumapili mbele ya kundi zima. Nazipeleka posta zote sasa hivi, kabla sijaingiwa na woga. Usinipigie simu kunitetea. Nisalimie Keith, wabusu watoto, na utunze goti lako.

Ni mimi mdogo wako, shujaa wa siku tatu,
Rosalind