Vichujio vya Pampu ya Mama Naomi

Jumatatu, 3 Juni

Pampu ya tangi la kioo la samaki imeziba tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Nimeichomoa, nimeifungua, nimesugua kile kidude kinachozunguka ndani kwa mswaki, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu, Mama Naomi, kila Jumamosi. Yeye ilikuwa dakika kumi, huku anaimba. Mimi saa nzima, na shati limelowa mpaka kwapani.

Binti yetu Naomi akaja kutoka Tudor, akanikuta napiga deki sebule. Akasema kwa upole — na upole wake ndio unaonitisha, ni wa mwalimu anayekaribia kumwita mzazi — kwamba Jumamosi atakuja na ndoo. Samaki atawapeleka shuleni kwake, kuna watu wa kuwaangalia. Nikasema pampu itatengemaa. Haya, Baba, akasema, ikienda mpaka Jumamosi, watabaki. Nikakubali haraka, kama mtu anayejua anachokubali.

Samaki ni wanne. Mama Naomi alifariki Februari. Aliwalea miaka sita, na mimi miaka sita nikilalamika kwamba nyumba ina samaki wasioliwa. Sasa sitaki waondoke. Aibu iliyoje.

Dawa ni kichujio cha kufunika mdomo wa pampu, taka zisiingie. Vya dukani havienei kwenye hii yetu ya zamani. Nitatengeneza mwenyewe. Nilikuwa karani wa ghala bandarini miaka thelathini na moja, mpaka nilipostaafu. Sijawahi kutengeneza chochote isipokuwa orodha.

Jumanne, 4 Juni

Kichujio Na. 1: sponji ya kuoshea vyombo, imefungwa kwa mpira, upande wa kijani nje. Pampu ikavuta, ikakoroma, ikanyamaza. Upande wa kijani haupitishi maji. Tena sponji haikuwa mpya kama nilivyodhani — povu likatoka. Nimebadilisha maji. Ndoo tisa kutoka tangi la chini, na ngazi za nyumba hizi za Mji wa Kale zilijengwa kwa ajili ya watu wembamba.

Kichujio Na. 2: soksi yangu ya kazini. Ikaenda vizuri hadi adhuhuri. Halafu nyuzi zikaanza kuachia. Yaani nimezuia taka zisiingie kwenye pampu, nikaingiza soksi.

Nimewapa samaki mkate kidogo, kuwaomba radhi. Walikuja wote kwenye kioo.

Jumatano, 5 Juni

Niliamka na akili. Kichujio Na. 3: kifumbu!

Kifumbu cha Mama Naomi kimetundikwa jikoni tangu Februari. Kimesukwa kwa ukindu, na hakijawahi kuachia hata punje ya chicha ndani ya tui. Kitu kilichochuja nazi miaka ishirini kishindwe na mavi ya samaki? Nikakisuuza, nikatia pampu ndani, nikafunga mdomo kwa kamba. Maji yakaenda vizuri ajabu. Nilikaa kwenye kiti nikajiona mhandisi.

Saa tisa. Pampu inaenda, lakini juu ya maji kuna utando unaong'aa. Samaki wote wako juu wanapigapiga midomo. Nikadhani wana njaa. Nikawakatia chapati.

Hawakuwa na njaa. Yalikuwa mafuta. Nazi za miaka ishirini zimelala ndani ya ule ukindu, na utando wake umezuia hewa. Nilichota maji, nikamimina, nikachota. Yule mwenye doa jeupe amekufa kabla ya magharibi.

Nimemzika kwenye mkebe wa mrehani, dirishani. Paka wa jirani aliyatazama mazishi mwanzo hadi mwisho, na hakuafiki.

Mama Naomi akimaliza kukamua nazi alikuwa akijipaka mafuta yake mikononi mpaka viwikoni. Alisema losheni ni za watu wasio na minazi kwao.

Kifumbu nimekirudisha msumarini. Hakifai tena kwa chakula. Kwa samaki hakifai. Kinafaa kutundikwa tu. Tuko wawili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda Makadara kwa Huzaifa, ndiye aliyetuuzia pampu. Nilikusudia kununua kitu nirudi bila maelezo, lakini akauliza hali za samaki, nami sijui kudanganya nikiwa nimesimama.

"Mzee Kiti. Umewatilia tui?"

"Nilikisuuza."

"Haya. Bado ndimu na bizari, tuje na mikate."

Wateja wawili wakacheka. Na mimi nikacheka. Walikuwa na haki.

Kisha akanifunza vizuri, bila mzaha. Pampu ikivuta kwa tundu moja, taka zote hukimbilia hapo. Nichukue chupa kubwa ya maji, niitoboe kote kwa msumari wa moto, nijaze sponji ya godoro, pampu ikae katikati. Ikivuta kwa matundu mia, hakuna linaloelemewa.

Akaniuliza nawalisha mara ngapi. Nikasema mara moja, asubuhi. (Nilikuwa nimeshapewa kiti.) Akanitazama. Akasema marehemu alikuwa akimwambia: mzee wangu akiachiwa samaki hawa, atawalisha mpaka wapasuke.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Asubuhi. Saa nne. Saa saba. Alasiri. Na jioni baada ya taarifa ya habari. Jumapili nikirudi kanisani pia. Najua hawana njaa. Lakini nikikaribia kioo wanakuja wote, mikia inatikisika, na humu ndani hakuna mwingine anayekuja akinisikia natembea.

Kwa hiyo mkate ninaotia unaoza, unaingia kwenye pampu, pampu inaziba, nami nakaa chini na mkasi kutengeneza vichujio. Fundi ni mimi, na taka ni mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Kichujio Na. 4, cha Huzaifa. Matundu mia na saba. Vidole viwili vimeungua. Sponji nimeikata kwenye godoro la wageni, upande wa miguuni.

Inaenda. Haikoromi.

Nimewalisha mara moja. Saa nne wakaja kwenye kioo. Saa saba wakaja. Nimegeuza kiti, nimewapa mgongo. Siku ndefu.

Jumamosi, 8 Juni

Naomi amefika saa nne na ndoo yenye mfuniko. Ameiweka mlangoni. Ametazama pampu inavyokwenda, akahesabu samaki. Watatu, Baba?

Nimemwambia yote. Sponji, soksi, kifumbu. Ametazama kule jikoni, kwenye msumari. Nikamwambia na habari ya kulisha. Mara tano? Nikasema Jumapili sita. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka ghafla, akaniuliza jana nilifanya nini mchana kutwa. Nikasema nilikaa.

Amesema ataamua tukinywa chai. Chai ameshaimimina. Naandika hapa mezani. Anadhani ni orodha ya soko.

Sasa ameinama kwenye kioo. Wamekuja wote watatu, mikia hiyo. Amechukua kopo la chakula akatia kidogo kabisa, kwa ncha za vidole. Nimeona ni sawa, leo hawajala.

Ametia tena. Anazungumza nao, simsikii anasema nini.

Hii ni mara ya nne. Chai imeingia utando. Hajageuka, na mimi naendelea kuandika. Pampu imeanza kukoroma kidogo, sijui kama amesikia. Mkono wake umerudi kwenye kopo.