Usiweke Pesa ya Kompresa Jumamosi

Mutisya wa Mizani,
Soko la Kyuso,
S.L.P. 41, Kyuso.
Alhamisi, 13 Machi 2025.

Mpendwa shemeji Kilonzo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na vumbi. Natumaini wewe, dada yangu Syombua na watoto mko salama, na malori ya barabara ya Mombasa bado yanapata panchari mbele ya kibanda chako, maana nyinyi mnaoziba magurudumu hamjawahi kumwombea mtu safari njema kwa moyo safi. Na mgongo je? Ule uliokuweka kitini siku nzima Krismasi, tulipokuwa kwa mama kule Kanyangi, huku wenzako wakichinja mbuzi? Sisi ni wazima. Mimi nakula kidogo na nashtuka sana, lakini hayo nitayafikia.

Kwanza kuna tangazo. Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na kioo, naujulisha ukoo mzima, pande zote mbili, kwamba mimi Mutisya, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, nimenunua miwani. Ni ya kusomea, ya shilingi mia mbili na hamsini, kutoka kwa yule anayetandaza vitu chini karibu na poshomili. Wavinya amefurahi. Amewaambia wanawake wenzake wa kanisa kwamba mume wake siku hizi anasoma Biblia mpaka kwa simu. Sikumsahihisha. Miwani hiyo, shemeji, niliinunua nione karata vizuri.

Sasa kabla ujasiri haujaniishia: usiweke pesa ya kompresa ya upepo kwenye ule mchezo wa karata Jumamosi. Hata mia usiweke. Kama una haraka na lori liko juu ya jeki, umeshasoma lililo muhimu, hayo mengine utasoma baadaye.

Najua utasema ni wewe mwenyewe uliyenituma. Kweli ulinituma. Ulinivuta kando pale Kanyangi, ukaniambia madereva wamekufundisha blackjack ya kwenye simu, ile ya kutafuta ishirini na moja bila kupitiliza, na kwamba kila ukicheza unaliwa, na unashuku si bahati mbaya. Ukasema, "Shemeji, wewe ndiye mtu wa mizani. Nitafutie mchezo ambao haujachezewa." Nilicheka, lakini niliposafiri kurudi Kyuso kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Nani huku ananiomba kitu zaidi ya kumwongezea kilo?

Basi nikasoma. Nilisoma kuliko nilivyosoma darasa la saba, na matokeo ya darasa la saba unayajua, Syombua huyasimulia kila sherehe. Nikagundua kwamba hata mchezo wa haki una kipande cha mwenye nyumba. Ukicheza vizuri, kwa kufuata ile chati inayosema lini uchukue karata na lini utulie, na kanuni zake zikiwa nzuri, yeye hubaki na kama senti hamsini kwa kila shilingi mia unayoweka. Kanuni mbaya zikiingia, anabaki na shilingi mbili au tatu. Kwa hivyo unaangalia: ukipata ishirini na moja kwa karata mbili za kwanza, wanakulipa mara moja na nusu, ama wamepunguza? Mgawaji akifika kumi na saba anatulia, ama anaendelea kuchukua? Leseni ni ya nani, na ukiitafuta kwa mwenye kutoa leseni, ipo? Hayo yote nilikuwa nayaandika kwa daftari. Wavinya alipita akaona chati, akauliza kama ni ratiba ya kwaya.

Nikapata mmoja uliokuwa safi kila mahali. Ile leseni tu ndiyo sikuitafuta. Niliona mhuri, nikauheshimu.

Halafu nikafanya vile tunavyofanya huku. Unajua desturi ya soko letu: mama akileta gunia la ndengu la kuuza, hakuamini mpaka akuone ukipima kwanza pakiti yake ya unga, ile ya kilo mbili ya dukani ambayo haijafunguliwa. Mizani ikisema mbili, anamwaga ndengu. Ikisema nyingine, anafunga gunia lake, anaenda kwa jirani, na anakutangaza njia nzima. Mimi miaka kumi na tisa mizani yangu imesema mbili. Siku hizi wengine hata hawaleti unga kwangu. Wanasema, "Hiyo ni ya Mutisya, weka tu."

Basi ule mchezo una mahali pa kucheza bila pesa, kwa vidude vya kujifunzia. Huo ukawa unga wangu. Nilicheza mara elfu moja, shemeji. Elfu moja, kila moja nimeiandika, daftari la kurasa tisini na sita likaisha upande mmoja. Mwisho nilikuwa nimepoteza vidude saba. Saba kwa elfu. Nikavua miwani nikasema mizani ni hii.

Jumatatu nikakutumia linki na ule ujumbe: "Shemeji, nimepima mara elfu moja, ilisoma sawa." Nawe ukajibu kwamba Jumamosi ukifunga kazi utaweka zile elfu arobaini zote, zipate kuzaa kabla ya kununua kompresa, kwa sababu nimepima.

Jumanne Abdiladif akaja. Ni yule dereva wa Kisomali anayebeba mbuzi kutoka huku hadi Mombasa, ambaye mwaka jana ulimzibia magurudumu mawili kwa bei ya matatu, naye hajasahau. Alinikuta nimekaa nje ya duka bila kufanya chochote.

"Mutisya, umekonda. Umefunga na sisi?"

"Nafunga kidogo."

"Hakuna kufunga kidogo, mzee. Nini mbaya?"

Nikamweleza. Alinyanyua mkono nimalize haraka, kwamba mambo ya kamari mdomoni mwa mtu aliyefunga ni kama kuvunja swaumu. Lakini masikio yake hayakuwa yamefunga.

"Sasa niambie, ulipima na nini?"

"Na vidude. Si pesa."

"Huo ni unga. Gunia uliweka lini?"

Mimi na yeye tunamkumbuka yule broka wa ndengu aliyekuja msimu ule wa mvua nyingi. Mizani yake ilikuwa imefungwa springi kwa ndani. Unga wa kilo mbili ilisema kweli, kilo tano kweli, kumi kweli. Gunia zima likipanda, inameza kilo nane. Alinunua soko lote kwa wiki mbili, na aliyemgundua ni nani? Ni mimi. Nilipewa soda. Halafu mtu huyo huyo anaenda kupima kamari kwa unga.

Ndivyo ulivyo ule mchezo, Kilonzo. Kwa vidude unasema kweli. Ukiweka pesa yenyewe unameza. Mimi umenimeza elfu thelathini na tano, pesa ya kununulia ndengu za mwisho wa msimu.

Na si pesa tu. Waliniomba picha ya kitambulisho na picha yangu nimekishika, eti kuhakikisha ni mimi. Nikawapa, na nikatabasamu. Juzi akanipigia mwanamke, sauti ya upole kama ya muuguzi, Kiswahili kizuri kuliko changu. "Mzee Mutisya, habari za pale kwenye mlango wa kijani?" Nilikaa chini kwenye magunia. Nani amemwambia mlango wangu ni wa kijani? Ilinichukua saa nzima kukumbuka kwamba ile picha nilipigwa nimesimama mbele ya mlango. Kukumbuka hakujanisaidia. Gari nisilolijua likisimama sokoni, naingia stoo. Jana nilijificha nilipomwona mtu wa chanjo ya mbuzi. Simu nimeizima, nimeitia kwenye kopo la Kimbo, nimeifukia ndani ya gunia la ndengu, na bado nikipita karibu na lile gunia natembea kwa vidole. Cheka, nimekuruhusu. Mimi pia ningecheka kama gunia lingekuwa lako.

Barua hii inakuja na Abdiladif. Anaondoka kesho alfajiri, atapita huko kwenu Kambu mchana. Mlipe angalau kwa kumpa salamu nzuri, na lile gurudumu la tatu lijadilini wenyewe.

Msalimie Katunge wenu, umwambie mjomba wake bado anangoja ile ripoti ya shule anayosema haijatoka. Msalimie jirani yako wa machungwa. Mama wa kule Kanyangi anakusalimu na anauliza mgongo. Mungu awalinde nyumba nzima, awape mvua ya kiasi na malori ya kutosha, na akuepushe na watu wenye sauti za upole.

Ni mimi, shemeji yako, ninayekupenda hata kama wiki hii hutataka kupendwa nami,

Mutisya.

Nimeshatia sahihi, nimekunja, nimekunjua. Abdiladif anakuja kuichukua barua akishafuturu, na barua bado si ya kweli.

Nimeandika kama kwamba Abdiladif ndiye aliyenifumbua macho Jumanne. Alinifumbulia kitu nilichokuwa nimekiona. Hivi ndivyo ilivyokwenda.

Nilianza kuweka pesa yangu wiki mbili zilizopita, kabla ya kukwambia lolote. Mwanzo mia tano, ikawa elfu nne, nikaona nimezaliwa upya. Nikaongeza mpaka elfu thelathini na tano. Nako niliandika, kwa upande wa pili wa daftari lile lile, kwa sababu mkono umezoea. Jumapili, Wavinya akiwa kanisani, nikahesabu. Katika vile vidude, mgawaji akionyesha ree, ile karata ya A, chini yake palikuwa na karata ya kumkamilishia ishirini na moja kama mara tatu kwa kumi, na ndivyo inavyotakiwa. Katika pesa yenyewe alionyesha ree mara kumi na tisa, na mara kumi na nne alikuwa nayo. Kumi na nne. Mimi ni mtu wa mizani, Kilonzo. Sikuhitaji kuambiwa.

Zilikuwa zimebaki elfu kumi na moja ndani. Nikaomba nizitoe. Ndipo yule mwanamke akapiga mara ya kwanza, Jumapili ile ile jioni, akasema kwa upole kwamba zitatoka mara moja nikimleta mtu mmoja atakayeweka zaidi ya elfu kumi. Akaniuliza kama sina ndugu. Nikasema nina shemeji.

Jumatatu asubuhi nikakutumia linki. Nilijua. Usome tena ule ujumbe, hauna neno la uongo hata moja. Niliutunga kwa dakika arobaini ili usiwe nalo. Nimewahi kukutania mambo mengi, kuhusu mahari uliyomaliza kulipa Katunge akiwa darasa la tatu, na kuhusu ule mgongo unaouma wakati wa kazi tu, na siku zote moyoni nilijua wewe huwezi kuniuza. Ni mimi niliyekuuza, kwa elfu kumi na moja ambazo hata hazikutoka.

Na sababu ya kuandika si ile simu iliyofukiwa. Wavinya ana simu. Nimeiazima Jumanne na Jumatano, nikakupigia, ukaitikia ukicheka, nikakuuliza habari ya mvua ya huko Makueni. Mara zote mbili. Ulieleza vizuri sana kuhusu mawingu. Nilikata, nikamrudishia simu yake, akaniuliza kwa nini natokwa na jasho.

Nitamwagiza Abdiladif asikupe barua hii mkononi. Ampe Syombua, aifungue yeye, akusomee kwa sauti mbele ya kibanda. Naogopa ukiisoma peke yako utafikiri nakutania, au utafikiri nimeona utajiri nikataka kuufungia mlango. Dada yangu akiisoma hakutakuwa na utani. Najua kitakachonipata. Hicho nacho nakiogopa, lakini nimekichagua.

Wavinya nitamwambia leo akirudi kutoka chamani, kabla taa haijawashwa. Daftari nimeliweka mezani. Miwani iko juu yake.

Kompresa inunue Jumamosi asubuhi, kabla hujafungua kazi. Ikishaunganishwa na umeme, unipigie kwa simu ya Wavinya. Huna haja ya kusema neno. Iweke simu karibu na mashine, niisikie ikinguruma. Safari hii sitauliza habari ya mvua.

Mutisya.