Friji ya Damu na Barafu ya Baa

Jumatano. Upepo wa Isiolo umenijaza vumbi mpaka kwenye meno, lakini jioni hii sina ugomvi nao. Moyo umetulia.

Mchana haukuwa hivi.

Leo ilikuwa siku ya kusafisha friji ya maabara yetu ya mifugo, ile ya mafuta ya taa. Nilihamishia chupa za damu ya ng'ombe kwenye sanduku la barafu, nikaosha friji kwa maji ya magadi, nikapangusa masizi kwenye bomba la moshi. Utambi nikaukata sawasawa, nikauwasha. Moto wake hutakiwa uwe mdogo, wa buluu. Nikaenda kula nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Damu hiyo ililetwa na dereva wetu, Guyo, kutoka Sericho. Ng'ombe wa mjomba wake wamo. Vipimo vikitoka vizuri, karantini itaondolewa na watu watauza mifugo kabla ukame haujaimaliza. Damu ikiharibika, basi. Wafugaji wameshatawanyika kutafuta maji, nani atawakusanya tena? Kwa wasiwasi huo, Guyo aliuona ule moto mdogo, akaupandisha.

Nilirudi nikakuta moshi mtupu. Bomba limejaa masizi, friji ina joto, na barafu ya sandukuni karibu yote imekuwa maji.

"Mama Ekai, mimi nilifikiria moto ikiwa mingi, baridi itakuja haraka," akasema.

Nilimkaripia, Mungu anisamehe. Nikamwambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kisha nikachukua ndoo, nikamwambia twende tukatafute barafu.

Barafu ya karibu iko baa tu. Tukasimama mlangoni na ndoo, yeye na kofia yake ya sala, mimi kiongozi wa akina mama kanisani. Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Niliingia mimi.

Walevi wa mchana waligeuka wote kunitazama. Mmoja, ambaye huimba nasi kwaya, aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nilitoka na ndoo imejaa.

Tuliongeza barafu sandukuni, chupa zikiwa bado baridi. Nikasugua bomba upya, nikawasha utambi, nikamkataza Guyo hata kuusogelea. Jua likielekea kuzama, niligusa sehemu ya kugandishia ndani ya friji. Vidole vilinata kwa baridi. Nikainua chupa moja kwenye mwanga: maji ya juu ya damu bado ya manjano, safi, hayakuchanganyika na wekundu.

"Alhamdulillahi," Guyo akasema, akaketi sakafuni kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Habari itanitangulia kanisani, najua. Jumapili wataniuliza nilifuata nini baa mchana kweupe.

Nitawaambia nilifuata ng'ombe wa watu.