Picha Yangu Katikati ya Ukuta

Jumamosi jioni

Na bado ananiuliza kama nimeipenda!

Chelagat, mke wa mwanangu, ameshinda akipanga picha ukutani sebuleni. Wajukuu wote wako na majoho yao ya chuo. Mimi shule sikuona hata mlango, nikaogopa nitawekwa nyuma ya friji.

Kumbe ameniweka katikati, peke yangu, picha kubwa ya kutisha, na maua meupe pande zote.

Mama Wanjiru wa duka akaja kuchukua maziwa, akaiona, akashika kichwa. "Ngai! Mama alikufa lini na hamkuniambia?"

Nikatoka jikoni. "Sijakufa. Niko na sufuria kwa moto."

Alipiga nduru mpaka ng'ombe akamjibu.

Picha kama hiyo hapa kwetu hubebwa mbele ya jeneza, kila mtu anajua. Chelagat alisahau. Akaanza kulia. "Mama, nilitaka tu wewe ndio uwe katikati."

Mimi, katikati ya majoho. Nikamkumbatia huyo mjinga wangu, nikamwambia atoe maua, picha aiache hapo hapo.

Siku yenyewe ikifika, watarudisha maua tu.